Bei ya Goma, Viazi vya Ngungu

Kila asubuhi ya likizo kubwa, Tumukunde alichota maji, akawakatia simbilisi majani, kisha akafagia uwanja haraka haraka, sehemu nyingine akiziruka. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Nyuma ya jikoni, penye ukuta unaopata jua mapema, dada yake Drocella alikuwa ameketi na vitabu vyake, na Tumukunde hakutaka kupitwa na lolote.

Drocella alikuwa mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili, katika chuo kikuu mjini Goma. Huko, kama alivyosimulia, wanafunzi walikuwa wengi kuliko viti, na aliyechelewa alisikiliza somo la takwimu akiwa amesimama nje ya dirisha. Drocella hakuchelewa. Aliamka kabla ya jua, akatembea kwa miguu, akakaa mbele. Jioni aliwafundisha hesabu watoto wa mwenye nyumba ili apunguziwe kodi ya chumba. Ungemwona na kalamu yake nyuma ya sikio, ungependa na wewe kusoma.

Tumukunde alikuwa na miaka kumi na miwili, na alimpenda dada huyu kupita kiasi. Kwa hiyo alimsifia kupita kiasi pia. Darasani na kisimani alikuwa ametangaza kwamba Drocella anajua bei ya kila kitu, hata ya mwezi ujao.

Asubuhi moja, wakila viazi vya moto, baba yao, Papa Straton, alitaka kuonja hayo masomo aliyokuwa akiyalipia.

"Sasa weye unasoma uchumi. Utuambie, bei ya viazi itapanda ao itashuka?"

"Sijui, Papa."

Papa Straton akaacha kutafuna. "Hujui? Sasa banakufundisha nini kule?"

"Banatufundisha kuuliza. Bei iko na sababu mingi. Mvua ikianza, mara mingi bei ya Goma inapanda."

Tumukunde alikuwa amesikia alichokitaka. Alinyakua dumu la maji akatoka mbio, dada yake akiwa bado anaendelea kumweleza baba.

Kisimani alimkuta jirani yao, Mama Uwingabire, pamoja na wanawake wengine. Mama Uwingabire alikuwa mjane. Alikuwa amerudi kijijini kwao Ngungu mwaka ule ule kutoka kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na nyumba yake ilikuwa bado imefunikwa kwa turubai lililotoboka. Matumaini yake yote yalikuwa katika viazi vya shamba lake la mlimani: auze, apate mabati kabla ya mvua.

"Tumukunde, dada yako anasema nini?" akauliza. "Nilitaka kuanza kuchimba kesho. Nichimbe ao ningojee?"

Wanawake wote wakageuka kumsikiliza. Tumukunde alitua dumu chini. Angesemaje kwamba dada yake hajui, baada ya kujigamba vile? Aliona ni kama kumvua Drocella nguo mbele za watu.

"Anasema mungojee mvua," akajibu. "Bei itapanda."

"Yeye mwenyewe njo alisema vile?" Mama Uwingabire akataka kuhakikisha.

"Njo vile alisema."

Mama Uwingabire alifurahi sana. Jioni ile aliwaambia waliokuwa waje kumsaidia kuchimba wabaki nyumbani, na wale wanawake wengine wa kisimani nao wakaacha kuchimba.

Siku chache baadaye mawingu meusi yalianza kukaa juu ya milima mchana kutwa. Drocella na mdogo wake walikuwa barabarani, ambapo dereva Hilaire alikuwa akipakia magunia kwenye lori lake. Drocella alishangaa kumwona Mama Uwingabire akipita na mzigo wa kuni tu.

"Mama, na viazi yako?"

"Iko mu shamba, mwanangu. Nilifuata maneno yako. Ninangojea mvua."

Drocella alimgeukia mdogo wake. Tumukunde alitamani ardhi immeze.

"Nilisema nini siku ile, Tumukunde?"

"Ulisema mvua ikianza, bei ya Goma itapanda."

"Na nyuma ya pale, nilisema nini tena?"

"Sikungojea," akasema Tumukunde kwa sauti ndogo.

Drocella alivuta pumzi. "Nilisema, bei ya Goma haiko bei ya huku. Mvua ikianza, barabara inakuwa matope, malori inashindwa kupanda mulima. Kule watu banatafuta viazi na hawapati, njo maana bei inapanda. Huku viazi iko, na hakuna muntu wa kuibeba."

Mama Uwingabire aliweka kuni chini, akakaa juu yake. "Basi yangu itaoza mu udongo," akasema, "na mimi nitarudia kulala mu maji."

Tumukunde alianza kulia. Alijua ni yeye aliyefanya hivyo, kwa maneno machache ya kisimani.

Drocella hakumsema mdogo wake mbele za watu. Alimwomba jirani msamaha kwa heshima, kisha akamfuata dereva. Je, angerudi tena? Hilaire alitazama mawingu, akasema angeweza kurudi mara moja tu, siku ya soko. Lakini kwa magunia ya mtu mmoja hangekuja. Mafuta ni ghali, lazima lori lijae. Drocella akampigia simu Céline, mama mmoja mfanyabiashara wa soko la Goma ambaye yeye Drocella aliwahi kumhoji kwa kazi ya chuo. Céline alikubali kununua, ila viazi viwe vikavu, na visiwe vimekatwa na jembe.

"Sasa tunajua kitu," Drocella akasema. "Tunahitaji magunia ya watu wengine. Tumukunde, njo weye utaenda kuwaita. Lakini kwanza utawaambia ukweli."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Tumukunde alipita nyumba kwa nyumba, akisema, "Dada hakusema mungojee. Mimi njo nilisema." Mwanamke mmoja alimfokea mpaka kuku wakakimbia. Mwingine alicheka na kumpa hindi la kuchoma. Lakini wote waliokuwa kisimani siku ile walikubali kuunganisha magunia yao ili kujaza lori.

Walianza na shamba la mjane. Drocella alichimba na wengine tangu asubuhi hadi jioni, viganja vyake vya kushika kalamu vikatoka malengelenge, akavifunga kitambaa akaendelea. Tumukunde aliinama mchana kutwa akichagua viazi, vilivyokatwa upande huu, vizima upande ule. Mgongo ulimuuma, lakini hakuthubutu kulalamika.

Siku ya soko lori lilikuja. Magunia yalipandishwa, vichwa vyake vikiwa vimefungwa kwa kamba kama desturi, na Hilaire akaondoka akipiga honi. Mvua ilianguka jioni ile ile. Kesho yake barabara ilikuwa uji mtupu. Habari zikafika kwamba bei ya Goma imepanda kweli, lakini hapakuwa na gunia hata moja lililoweza kutoka Ngungu.

Kwa pesa alizotuma Céline, mabati ya Mama Uwingabire yalinunuliwa pale pale Ngungu, katika duka la mtu aitwaye Akilimali, na majirani wakayapigilia. Jumapili aliwaalika akina Straton kula kwake. Mvua ilinyesha juu ya mabati mapya kwa kishindo, na mwenye nyumba kila mara alitazama juu, akatabasamu, akasahau kupakua.

Papa Straton ilimbidi kupaza sauti.

"Tumukunde, siku ile dada yako alisema 'sijui', mimi niliona haya. Nilifikiri pesa ya masomo imepotea bure. Sasa ninaona kama ile 'sijui' njo ilikuwa mwanzo wa kazi yake. Weye ulisema 'najua', ukakaa. Yeye alisema 'sijui', akaenda kuuliza dereva, akauliza Céline, akachimba na mikono yake. Ukitaka kumusifu muntu, umusifu kwa ile anafanya. Usimuongezee. Ile unamuongezea, wengine banaweza kuilipa."

"Nimesikia, Papa," Tumukunde akasema.

Mama Uwingabire aliona uso wa mtoto umeinama, akamhurumia. Akamsogezea sahani ya maharage, akaanza utani.

"Basi uniambie, mwana uchumi mudogo. Maharage ya musimu huu, nipande sasa ao ningojee?"

Wote wakamtazama, kama siku ile kisimani. Tumukunde aliinua kichwa.

"Sijui, Mama," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Kabla ya kukimbilia Lushebere, ulikuwa unapanda wakati gani?"

Mama Uwingabire akacheka, akaanza kumweleza. Drocella alisogea kwenye benchi ili mdogo wake akae karibu naye, akaitoa kalamu nyuma ya sikio lake, akampa.