Mia Tatu kwenye Sahani ya Shaba

Saa nne asubuhi, kabla mtu hajaigusa, taa ilisoma tatu.

Fundi aliikodolea macho kompyuta iliyoonyesha namba hiyo. Kwa miaka sita alikuwa akibuni taa za LED za kuwashwa kwa mguso, kila moja na sahani yake ya shaba. Pasipo mtu, sahani ilisoma sifuri. Kidole cha binti yake, Kijino, kilisoma arobaini. Kiganja chake mwenyewe, tisini. Taa hii aliitengeneza kwa ajili ya Kijino, aliyeogopa kulala peke yake.

Akabonyeza kitufe cha kusawazisha kwenye kompyuta, kama alivyofanya kila asubuhi. Kitufe hicho huiambia taa: unachokihisi sasa, kihesabu kuwa si kitu. Ikarudi sifuri.

"Sasa hata taa zinakusingizia," mkewe alimtania kutoka mlangoni.

"Unyevu tu, Mama Kijino."

Adhuhuri ikasoma hamsini, chumba kitupu. Ikawaka hafifu, ikawaka kali, ikazima, kama mtu anayejifunza. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

Siku ya tatu Kijino alimnong'oneza. "Baba, yule wa kwenye taa ana mkono mrefu."

"Yupi, mwanangu?"

"Hana jina. Anataka langu."

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mtu mzima, mchache wa maneno. Alimketisha Kijino, akauweka mkono wa mtoto kwenye sahani. "Jini hili linamtaka huyu, basi litakuja kwa huyu, nami nitalitoa. Wewe, baba, usishike kitu mpaka nimalize."

"Hata kompyuta?"

"Nimesema kitu."

Alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, na namba ikapanda, arobaini, mia, mia mbili, na harufu ikakaba koo, na kucha ambazo hazikuwa za mtoto zikasikika zikikwaruza shaba, taratibu, na Kijino akasema kwa sauti ndogo, "Baba, limenishika," na namba ikagonga mia tatu na arobaini, na kidole cha fundi, kilichozoea kazi moja kwa miaka sita, kikabonyeza kitufe.

Sifuri.

Harufu ikakatika. Fundi akashusha pumzi. "Limeondoka."

Mganga alikuwa akikitazama kitufe. "Mwanangu," alimnong'oneza fundi, "si lenyewe tu lililokuwa kwenye sahani."

Akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Gusa tena, Kijino," fundi alisema.

"Nimegusa, baba."

Sifuri. Akaweka kiganja chake: tisini. Akatoa taa mpya kwenye boksi, akaichomeka, akaushika mwenyewe mkono wa mtoto na kuuweka kwenye sahani. Alipouachia tu, sifuri.

Jikoni mkewe alikuwa akicheka. "Baba Kijino, njoo umwone mwanao. Leo kaning'ang'ania kama kupe."

Fundi alikwenda, Kijino nyuma yake. Mkewe alisimama karibu na jiko akiipapasa hewa, juu kidogo ya kimo cha mtoto. Alikuwa akiitabasamia.

Kijino alikimbia, akavuta gauni la mama yake. "Mama."

Mama alijipangusa pale aliposhikwa.

"Hebu fukuza hao nzi, mume wangu," alisema. "Wanamsumbua Kijino."