Jani la Sabuni

Kila jioni baada ya shule, Chiriku aliketi peke yake jikoni akibandika lebo za sabuni. Jina hilo la utani alipewa na rafiki zake wa zamani, maana alikuwa hanyamazi. Tangu wahamie mji huu, hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama yake. Shuleni alijaribu kila njia. Kwa wacheza mpira alijifanya mkali, kwa wapenda mitindo akaongea kwa maringo. Kesho yake hakuna aliyemkumbuka. Upweke ulimuuma kwelikweli.

Mama yake alitengeneza sabuni, kisha akashinda nje akizisambaza madukani. Lebo ilikuwa moja tu: jani la kijani juu, jina kwa herufi nene chini yake. Chiriku alikuwa ameichoka. Mama alipomwachia achore lebo za sabuni mpya, ya limau na ya waridi, alifurahi sana. Ya limau akaichorea samaki, ya waridi akaichorea nyota, na herufi akazipinda kila moja kivyake.

Wiki iliyofuata mama alirudi na maboksi yaleyale, yamejaa. Aliketi bila hata kuvua viatu.

"Wateja wanazipita," alisema. "Wanauliza kama sabuni ya jani ina aina nyingine, nazo ziko mbele ya macho yao. Mwenye duka kasema tusiporekebisha mpaka Jumamosi, rafu yetu anampa mwingine."

"Nilitaka zipendeze, mama," Chiriku alisema huku machozi yakimlengalenga.

"Zimependeza, mwanangu. Huyo samaki nusura nimkaange! Ila hakuna anayejua kwamba ni zetu."

Wakaanza upya. Jani likarudi mahali pake, na herufi zikawa zilezile. Chiriku akapendekeza ukanda wa rangi chini ya lebo: wa njano kwa limau, wa pinki kwa waridi. Mama alizipanga sabuni mezani, akarudi nyuma hadi mlangoni kuzitazama.

"Hawa sasa ni ndugu wa tumbo moja," alisema. "Hata tukiongeza ya kumi, tutabadilisha ukanda tu."

Walipokuwa wakikata lebo, Chiriku alimweleza mama yake yote ya shuleni. Mama alimsikiliza bila kumkatiza.

Jumamosi walikwenda dukani pamoja. Msichana mmoja alichukua sabuni ya limau bila kusita. "Ile ya jani! Kumbe ipo na ya limau?"

"Tunasoma naye," Chiriku alinong'ona. "Hanijui."

"Atakujuaje, nawe kila siku unakwenda na lebo mpya?" mama alimjibu. "Ukanda badilisha upendavyo. Cheza mpira, penda mitindo. Lakini jani lako usilibandue."

Chiriku akamsogelea yule msichana.

"Hiyo sabuni tunaitengeneza sisi. Mimi wananiita Chiriku. Nikianza kuongea, sinyamazi."

Msichana alimtazama, akailipia sabuni na kuitia mfukoni.

"Twende, nyumbani kwetu ni mbali," alisema. "Anza."