Maotea ya Nyuma ya Matete

Kelele zilianza kabla Ilka hajafumbua macho. Kwanza mlio mmoja mkali, kisha kundi zima likaitikia kama wapiga tarumbeta waliolewa. Aliruka kitandani. Bata bukini wake hawakujua kusubiri. Aliwafungulia banda, akachukua fimbo, akawaswaga kuelekea mtaroni.

Siku hizo hakuipenda njia ile, kwa kuwa ilipita kando ya shamba lao. Shayiri ya majirani ilikuwa imefika magotini. Yao, iliyopandwa Oktoba iliyopita, ilikuwa imedumaa, imejaa mabaka ya njano. Baba yake, Bálint, alisimama katikati, kofia mkononi.

"Mbegu!" alifoka. "Gáspár kanipa mbegu mbovu. Mtu tunayekula naye meza moja!"

Mzee Gáspár alikuwa jirani yao, na nusu ya kijiji walichukua mbegu kwake. Jumapili, nje ya kanisa, Bálint alimpita bila salamu. Watu wakaona, na wengine nao wakampita. Shuleni wavulana walimzingira Miksa, mjukuu wa mzee huyo.

"Mbegu Mbovu huyoo! Kumbe nawe ulitoka gunia lile lile? Ndiyo maana hurefuki!"

Miksa alikuwa mfupi kweli. Alimtazama Ilka, mwenzake wa dawati, akingoja atamke neno moja tu. Ilka akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

Neno alikuwa nalo, maana alishuku kosa si la mbegu. Kila baada ya mavuno, punje zilizodondoka huota zenyewe. Mwaka uliopita baba alilima shamba lote kwa trekta, isipokuwa ukingo wa mtaro, nyuma ya matete. "Yale maotea kayang'oe kwa jembe," alimwagiza Ilka. "Nisikute jani bichi nikianza kupanda." Ilka alikwenda, akakuta majani laini yanang'aa, akawakumbuka bukini wake. Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, kila nyumba kijijini huchoma bukini, naye alitaka wake wawashinde wote kwa unono. Akayaacha maotea yawe malisho yao. Jioni baba alipouliza, alijibu, "Tayari, baba."

Bukini walinona kweli. Mzee Gáspár, aliyealikwa sikukuu hiyo, alilamba vidole vyote.

Siku chache baada ya Jumapili ile ya kanisani, alikuja Bi Etelka, mtaalamu wa kilimo. Bálint alimwita athibitishe ubovu wa mbegu. Mama huyo aling'oa mche hapa, mche pale, akageuza majani, akatembea hadi ukingoni.

"Bálint, mbegu haina kosa," alisema. "Hivi ni virusi, na haviji na mbegu. Vinaletwa na wadudu wadogo, vidukari. Kidukari ananyonya utomvu wa mmea mgonjwa, kisha anahamia mzima na kuuambukiza. Tazama, njano imekolea upande huu. Kulibaki kitu kibichi hapa kabla hujapanda?"

"Hata jani moja! Binti yangu aling'oa yote."

Wote wawili wakamgeukia Ilka. Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Lakini aliyakumbuka macho ya Miksa kule darasani, yakimngoja.

"Sikung'oa," alisema. "Niliwaachia bukini. Nilikudanganya, baba."

Uso wa Bálint uliiva. "Umeniona nikimvunjia heshima mzee wa watu, ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Mimea iliyougua haina dawa," Bi Etelka aliingilia kwa upole. "Lima kipande hiki, panda alizeti. Ugonjwa huu unashika jamii ya nyasi na nafaka, alizeti hauigusi. Kule kwingine utavuna kidogo, lakini utavuna."

Bálint alivaa kofia yake. Alimshika Ilka mkono, wakaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Gáspár. Walimkuta uani na Miksa, wakipasua kuni. Bálint alivua kofia.

"Mzee, nimekuchafulia jina bure. Jumapili nitasema hivyo pale pale kanisani, mbele ya wote."

Mzee alichomeka shoka kwenye gogo. "Wiki nzima hakuna aliyegonga mlango huu, Bálint. Hata mbwa wangu kasahau kubweka."

"Najua. Binti yangu alidanganya, nami nikahukumu kabla ya kuuliza." Bálint akamgeukia Ilka. "Umeona, mwanangu? Uliacha majani machache, ukadhani matete yatayaficha. Wadudu wakayaona, wakaambukiza shamba. Na uongo wako umefanya vivyo hivyo: ulianzia kwetu, ukaenda kuwaumiza watu wasio na kosa. Kazi uliyopewa, imalize. Ukishindwa, sema siku ile ile."

Miksa alikuwa anaokota vijiti, hataki kumtazama mtu. Ilka alipiga magoti karibu naye, akaanza kuokota pia.

"Miksa, kesho, kabla mwalimu hajafungua kitabu, nitasimama mbele ya darasa lote. Nitasema maotea yalikuwa yangu, na uongo ulikuwa wangu. Wakinicheka, waache wanicheke. Nakuahidi."