Baba Aliyekula Usiku

Kila jioni Siniva alimfungia baba yake magimbi na mboga za majani za kwenda nazo kazini. Semisi, baba yake, alikuwa mlinzi wa usiku bandarini Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Lakini kabla hajaondoka, alimtuma bintiye dukani kwa siri akamnunulie mbavu za kondoo zilizojaa mafuta.

"Mama yako asijue," alimnong'oneza.

Siniva aliitunza siri hiyo, maana alimpenda sana baba yake.

Semisi alikuwa amenenepa hata hakuweza kuinama kufunga viatu. Kliniki walimpa dawa, lakini uzito haukupungua. Siku moja Siniva alimsindikiza. Sista Vaimoana, muuguzi wa kliniki, alimpima, akakunja uso.

"Semisi, unakula nini?"

"Magimbi na majani, sista. Kama sungura."

"Basi itabidi nikuongezee dawa."

Siniva alishtuka. Je, dawa ikimzidi baba?

"Sista, usimwongezee," alisema kwa sauti ndogo. "Usiku anakula nyama ya mafuta. Mimi ndiye ninayemnunulia."

Siniva hakuthubutu kumtazama baba yake. Semisi aliguna.

"Kumbe nimezaa polisi."

Sista alicheka, kisha akasogeza kiti. "Sikiliza. Utumbo wako una bakteria wengi mno, na wengi wao ni rafiki zako. Hao hustawi kwa majani na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ukiwalisha mafuta tu, wanapungua. Tena mwili una saa yake. Usiku unataka kupumzika, wewe unaubebesha mzigo."

"Na mimi nakesha, sista. Nife njaa?"

"Shiba kabla ya kazi. Usiku, kipande cha papai kinatosha. Dawa usiache. Na umwombe bosi wako zamu ya mchana."

Bosi alikubali. Mama alipoambiwa yote alinuna siku nzima, kisha akachoma shelisheli na kumpakulia mumewe mapema, jua likiwa bado juu. Uzito ulipungua polepole. Miezi ikapita, na Jumapili moja Semisi alifunga viatu mwenyewe, akaenda kanisani kwa miguu pamoja na Siniva.

"Mwanangu," alisema njiani, "nilikufundisha kuficha, wewe ukanifundisha kusema kweli. Mficha maradhi, kilio humfichua. Anayekupenda hakusaidii kujidhuru."

Siniva alikuwa akikazana kumfikia, kwa kuwa baba alikwisha kumtangulia kwa hatua nyingi.