Alhamisi za Dishon

Nyangi alikutana na Dishon kwenye foleni ya simu nje ya posta ya Migori, siku ya soko, mwaka wa 1997. Jua lilikuwa kali na gauni lake la kitenge cha manjano lilikuwa limeanza kumganda mgongoni. Kijana aliyekuwa mbele yake, mwenye shati la kaki lililonyooshwa vizuri, aligeuka akampisha.

"Piga kwanza. Ninayempigia mimi hachoki kungoja."

"Nani huyo?"

"Mama yangu."

Nyangi alicheka. Alikuwa Mkuria, muuza vitambaa dukani. Dishon Mjaluo, fundi wa taipureta aliyezunguka maofisini. Kabla ya mwaka kuisha walikuwa wapenzi. Dishon alimwita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria kwa Kijaluo, na karibu kila mchana alipiga simu dukani kumuuliza tu kama amekula.

Ila kulikuwa na mambo. Akimkumbatia, alimwachia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi alikwenda Homa Bay, kutengeneza taipureta, alivyosema. Alhamisi ya mwisho ya Agosti, mwaka uliofuata, Nyangi alimpelekea shati alilomshonea. Mwenye nyumba akamfungulia chumba, na chini ya meza akaona sanduku la vifaa vya kazi.

Fundi gani huenda kazini bila bisibisi?

Dishon aliporudi, alisema ametengeneza mashine tatu. Nyangi hakumbishia. Alianza kunusa mashati yake. Alhamisi ya mwisho ya Septemba alipiga namba ambayo Dishon alimwachia ya Homa Bay. Sauti ya mwanamke ikamwambia Dishon ametoka, atarudi kula. Akakata simu.

Oktoba alimtangulia. Alipanda basi la kwanza, akajifunga kitambaa kichwani, akangoja stendi ya Homa Bay mpaka Dishon aliposhuka. Mwanamke mmoja alimpokea, wakatembea pamoja hadi kwenye kliniki ya binafsi. Miaka ile, mtu akienda kliniki kwa kujificha, watu walifikiria ugonjwa mmoja tu, ukimwi.

Aliingia akaketi kwenye benchi, mbele yao.

"Taipureta ziko wapi, Dishon?"

Mwanamke yule alisema yeye ni Priscah, dada mkubwa wa Dishon. "Mwambie," akamwamuru mdogo wake, "ama nitamwambia mimi."

Dishon akaeleza. Mwaka uliotangulia alitaka kumtolea mjomba wake damu, ikakataliwa. Alikuwa na homa ya ini, ile ya B. Haumwi popote, lakini homa hiyo ingeweza kumpata Nyangi wakikaribiana.

"Niliogopa utadhani ni ile nyingine."

"Nilidhani una mke," Nyangi alisema. "Sasa sijui nidhani nini."

Dishon alipoitwa kwa daktari, Nyangi alikataa kubaki nje. Ndani, alimhoji Daktari Ongeri kama askari. Daktari alimweleza kwamba si kila mgonjwa anahitaji dawa mara moja. Ini la Dishon lilikuwa linapimwa tu. Likianza kuharibika, kulikuwa na sindano Nairobi, za miezi mingi, zenye kuleta homa, na wengi haziwasaidii. Vidonge vipya vilikuwa vinatajwa, navyo huzuia tu, havimalizi. Kisha akamuuliza Dishon mbona vipimo vya mwezi huu vimepanda.

Dishon akakiri kwamba alikuwa anakunywa dawa chungu ya mitishamba kutoka Rodi Kopany.

"Kumbe hata daktari unamficha," Nyangi alisema.

Dawa ile ikasimamishwa. Nyangi naye akapimwa, akakutwa salama, akaanza chanjo: sindano tatu, miezi sita. Miezi yote hiyo aliomba kila karatasi ya Dishon na kuisoma mwenyewe. Mapenzi yalikuwapo; imani ndiyo ilikuwa inakuja polepole.

Aprili, alipotoka kuchomwa sindano ya tatu, mkono ukimuuma, Dishon alikuwa anamngoja nje.

"Nyar Kuria, nikuoe?"

"Leo umenificha nini?"

Dishon alifikiri kwanza. "Majibu. Ini limetulia. Nilitaka ukubali kabla hujajua, usije ukakubali kwa sababu hiyo."

Nyangi alichomoa karatasi kutoka mfuko wa shati la Dishon, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Nenda Kehancha kwa baba," alisema. "Umwambie yote mwenyewe, kabla hajataja ng'ombe wa mahari."