Ea Klina ya Gaspar

"Mama Najat, nionyeshe ea klina ya gari lako."

Nguo niliyokuwa naanika ikanidondoka…

Jirani yangu Gaspar kasimama uwanjani kwangu, Boko, mchana kweupe, kashika chujio la hewa la injini, jeusi tii kwa vumbi. Majirani washaanza kutoka nje.

Nikamjibu kwa ujeuri, asinivunjie heshima mbele za watu, ya kwangu anaitakia nini?

"Kwa sababu hii nimeikuta kwenye gari langu. Na imefungwa na kipande cha kanga yako."

Jamani, ilikuwa kweli. Niliiba!

Ngojeni niwaeleze kabla hamjanitukana kwenye komenti.

Mie na Gaspar wote tunaendesha Coaster za dizeli zilizogeuzwa nyumba, zina vitanda na jiko humohumo. Tunapeleka watalii Mikumi, tunawaacha, tunarudi. Gari aina moja, njia ileile.

Ila mie nikirudi mshale wa mafuta uko kwenye nyekundu. Gaspar anarudi na nusu tenki!

Siri yake eti ea klina nyekundu ya kuagiza. Kila jioni barazani hana stori nyingine. Inavuta hewa safi, inabana mafuta, nyie endeleeni na hizo zenu za karatasi.

Wivu ukanikaba mie. Nikawaga naota mshale wa gari la mwanaume wa watu…

Halafu bosi wetu Sadallah akatuambia msimu huu anabaki na gari moja tu, lile linalokunywa dizeli kidogo. Atapima kwa safari moja.

Jumapili Gaspar kaenda misa. Mie na bisibisi. Nikachomoa yake nyekundu nikaifunga kwangu, yeye nikamwekea yangu kuukuu.

Tukaenda, tukarudi.

Yeye nusu tenki. Mie mshale kwenye nyekundu vilevile.

Leo asubuhi Sadallah kamchagua Gaspar.

Kwa hiyo pale uwanjani nilikuwa na hasira na aibu kwa pamoja. Nikamwambia si umeshapata kazi, umekuja kunicheka?

"Nimekuja kukwambia kitu. Nimeenda Mikumi na hili takataka lako, na mafuta yamebaki kama siku zote. Si hewa, mama Najat. Ni mzigo."

Akanitajia kimoja kimoja. Magunia ya mchele ya mama mkwe. Mikungu ya ndizi. Vitunguu vya nusu ya mtaa. Mashemeji niliowapakia Morogoro na watoto wao.

Sasa ningefanyaje? Huku kwetu ukitoka mkoa hurudi mikono mitupu. Ukikataa kubeba cha mtu, utasemwa mpaka Idi.

"Na wewe mbona hubebi?"

Akawa analigeuzageuza lile chujio.

"Nani kaniagiza? Mwaka wa tatu huu naishi hapa. Nikirudi nakaa kwenye gari nakuangalia unashusha magunia, watu wamekuzunguka. Nakuonea wivu. Hiyo ea klina niliisifia tu nipate cha kuongea na nyie."



Mie ninayejua habari za kila nyumba, sikujua huyu anakulaga na nani.

Nikaenda nikaifungua ile nyekundu, nikamkabidhi mbele ya wote, nikamwomba radhi. Kazi ni halali yake. Mie nitatafuta nyingine.

Wapendwa, kabla hujamwonea mtu wivu kwa alichonacho, chungulia kwanza anachokosa. Mie nilichungulia mshale tu.

Gaspar akageuka aondoke.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa anasikiliza dirishani muda wote, akamwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Safari ijayo niletee mchele gunia moja. Mama Najat habebi tena huyu, hana kazi."

Jirani wa pili akadakia, na yeye ndizi zimemuishia, aletewe mkungu. Wa tatu vitunguu. Gaspar anaitikia tu, macho yamemjaa maji.

"Sasa vua viatu uingie ndani," mama mkwe akamwambia. "Wali unapoa."