Dawa Ambayo Shangazi Hakuwa Nayo

Kila alasiri, akitoka shuleni, Rayhana aliketi katika kibanda cha baba yake, Twahir, mshonaji wa sare mtaani Mbugangari, akakata nyuzi zilizoning'inia kwenye mishono. Huku akikata, alisimulia habari za shangazi yake, Kamikazi, mtafiti wa saratani huko Kigali. Siku hiyo msikilizaji alikuwa Janvier, mwenzake darasani, aliyekuja kuchukua kaptura yake.

“Seli ya saratani ni mjanja,” Rayhana alisema. “Inajifanya mwenyeji, kwa hiyo askari wa damu wanaiacha ipite. Shangazi anatafuta namna ya kuwafanya waitambue.”

“We Rayhana, tangu hatujazaliwa iko natafuta tu,” Janvier alisema. “Dawa iko wapi? Mutu gani amepona?”

Damu ilimchemka Rayhana. “Ameshaipata. Anakuja nayo Ijumaa.”

Alitegemea kicheko. Janvier hakucheka. “Ya kumeza ao ya kuchoma?”

“Ya kumeza,” Rayhana alijibu, kidevu juu.

Alhamisi alitumwa sokoni kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Thacienne, mama yake Janvier, alimjazia mfuko kupita kipimo, kisha akamvuta karibu.

“Mwanangu, niko na uvimbe kwenye titi. Hospitali walisema wanipasue Jumatatu. Nimekataa. Nangoja kidonge cha shangazi yako.”

Rayhana alirudi nyumbani mbio na kumwambia baba yake kila kitu. Twahir alisimamisha cherehani.

“Nyamaza kwanza,” alisema. “Shangazi yako akija, atasema dawa imechelewa. Tusiaibike mbele ya mtaa mzima.”

“Samahani, baba. Akingoja, uvimbe hautamngoja.”

“Nimesema ukae.”

Rayhana hakukaa. Alikuwa hajawahi kumkaidi baba yake, lakini alitoka mbio. Sokoni alisimama mbele ya beseni la Thacienne, wanawake wengine wakisikia.

“Mama Janvier, nilidanganya. Shangazi hana kidonge. Tafadhali nenda hospitali.”

“Bon,” mwanamke mmoja alidakia, “kumbe dokta wa Twahir ni dokta wa mudomo.”

Thacienne hakumtazama mtoto. Aliyapanga upya mafungu ya samaki ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. “Leo kidonge iko, kesho haiko. Na hao wa hospitali, nitajuaje kama hawadanganyi? Siendi popote. Ondoka hapa.”

Ijumaa Kamikazi alifika. Aliposikia habari hiyo, hakungoja hata chai. Alimshika Rayhana mkono, wakaenda sokoni.

“Ni wewe ule wa kutafuta?” Thacienne aliuliza. “Miaka yote hiyo, unafanya nini?”

“Nashindwa, dada,” Kamikazi alijibu, akachuchumaa kando ya beseni. “Najaribu, nashindwa, najaribu tena. Nilichokipata ni kidogo, na hakijawa dawa. Sioni haya kusema hivyo. Nikiambiwa niache, siachi. Lakini uvimbe wako usiungoje utafiti wangu. Kisu cha hospitali kipo leo.”

“Na kama naogopa?”

“Ogopa, lakini twende. Nitakaa mlangoni mpaka utoke.”

Thacienne alifunika beseni. Kisha akamwita jirani yake amwangalizie samaki.

Jumatatu alipasuliwa. Daktari alitoka akasema uvimbe wote umeondolewa, na kwamba matibabu mengine yatafuata. Janvier alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Rayhana alikaa mbali naye, kwa kuwa hakujua kama anatakiwa.

“Bado niko na hasira na wewe,” Janvier alisema. Baada ya muda akasogea, akamwachia nafasi. “Kaa basi.”

Twahir naye alikuja, amebeba chupa ya chai. Aliwamiminia wote, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, “Nilikuambia unyamaze. Nilikosea.”

Kamikazi alimgeukia Rayhana. “Ulitaka kunitetea, najua. Mtu akikucheka kwa sababu shangazi yako hajafaulu, mjibu, ‘Ndiyo, hajafaulu, na bado anafanya kazi.’ Hilo ni kweli, na ukweli hauhitaji kuongezewa chumvi. Mimi nikiandika kwamba jaribio limefaulu ilhali halikufaulu, mgonjwa nisiyemjua ndiye ataumia. Wewe ulimjua wako, ukarudi kusema kweli mbele ya watu wanaokucheka. Kazi yangu inahitaji watu wa namna hiyo.”